Naftali Aulizwa Mwenyewe

Kikombe cha bati kilianguka jikoni kabla hakujapambazuka. Tabitha alidhani ni paka. Kisha akamsikia mumewe, Naftali, akinung'unika kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni.

Alimkuta amekaa chini. Mdomo umepinda. Mkono wa kulia, mkono wa kuchumia kahawa, unaning'inia.

"Baba Meshack, una nini?"

Kwao mgonjwa hupewa mtori kwanza, supu nzito ya ndizi na nyama. Tabitha akapasha wa jana, akashika kijiko amlishe. Jirani yao Anande, muuguzi wa hospitali ya mjini, alimsikia Tabitha akilia, akaja mbio.

"Mama Meshack, weka kijiko chini! Koo limelegea, atapaliwa. Hiki ni kiharusi. Kimeanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, sasa hivi."

"Usiisahau saa hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huchomwa ndani ya saa chache tu."

Jirani mwingine, Philemoni, alishusha ndizi kutoka kwenye pikapu yake bila kuombwa, mgonjwa apate nafasi. Wakaondoka kijijini kwao, Maji ya Chai, kwenda mjini.

Hospitalini Naftali alipigwa picha ya kichwa. Bingwa wa kiharusi alikuwa Dar es Salaam. Anande akasimamisha tableti mbele ya kitanda, na bingwa huyo, Daktari Agnela, akatokea kwenye kioo. Alimtazama Naftali akijaribu kuinua mikono, akaisoma picha, akaagiza ile dawa ya kuyeyusha damu. Ikachomwa.

"Sasa kuna jambo la pili," alisema. "Tunafanya utafiti. Tunataka kujua kama dawa mpya, ikiongezwa juu ya hii, itasaidia zaidi. Wengine hupewa dawa hiyo, wengine maji ya chumvi. Kompyuta huchagua kama kura. Hata mimi sijui nani kapata nini. Inaweza kuleta madhara, kama kuvuja damu. Mkikataa, matibabu yanaendelea vilevile."

Tabitha akampigia Eliasi, kaka mkubwa wa Naftali, aliyeko Momela, akamweleza na kufungua kipaza sauti cha simu.

"Ndugu yangu si panya wa kujaribia!" Eliasi alifoka. "Ningojeni. Neno la ukoo nalitoa mimi."

"Shikamoo, baba," alisema daktari. "Najua unampenda. Lakini muda hautungoji, na mgonjwa anatusikia. Nimwulize mwenyewe?"

Tangu alfajiri hakuna aliyemuuliza Naftali anataka nini.

Daktari alirudia yote polepole. "Ukikataa, utanyimwa matibabu?"

Naftali alitikisa kichwa kukataa.

"Ukikubali, unaweza kujitoa baadaye?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unakubali?"

Naftali akainua mkono wa kushoto. Anande alimfuta mate taratibu, akamshika kidole gumba cha kushoto, kikatia alama ya wino kwenye fomu ya ridhaa. Philemoni akawa shahidi.

"Haya," Eliasi akasema kwenye simu alipoambiwa. "Mwenye kichwa chake kasema."

Miezi mitatu baadaye Anande alimkuta Naftali shambani, anachuma kahawa polepole kwa mkono wa kulia.

"Ni ile dawa mpya?" Tabitha aliuliza.

"Hatujui bado. Labda alipewa maji ya chumvi. Tunachojua, aliwahi hospitali."

Naftali aliyatafuta maneno, moja moja.

"Anande, njoo tena Jumapili, tunywe kahawa. Na yule daktari wa kwenye kioo... mwambie aje kwa miguu yake."