Kaburi la Bokoli, Maiti ya Kitale

Mkono ulionekana Jumatatu asubuhi, saruji ilipobanduka kwenye nguzo ya chini ya jumba jipya la orofa saba, katikati ya mji wa Kitale. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwamba kila Jumapili, mafundi wakiwa kanisani, nguzo hiyo hugongwa kwa ndani. Walichekwa, wakaambiwa ni panya.

Inspekta Lorna Jepkemboi alitazama mafundi wakibandua saruji iliyobaki, nywele zikimsimama. Maiti alikuwa ameziona nyingi. Hii ilikuwa imesimama wima, uso umeelekezwa mlangoni.

Na juu yake watu walikuwa wanaishi! Kitale ya siku hizi haina subira, bana. Orofa za juu bado zinajengwa, chini watu washaingiza vitanda na kutundika mapazia.

"Alipigwa kisogoni kwa kitu kizito," alisema daktari wa upasuaji wa maiti. "Zege ilipomwagwa alikuwa ameshakufa."

Waithera, mama aliyewapikia mafundi githeri, aliitwa kuutambua mwili. Alipoona kidole gumba kilichokatika zamani, alijishika mdomo.

"Uuui! Ni Bramwel, fundi wa vyuma. Lakini afande, haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Si tulishamzika! Nilienda hadi kwao Bokoli. Kaburi nililiona kwa macho yangu."

Mchana huo Lorna alifika Bokoli. Kaburi kweli lilikuwepo, na msalaba wenye jina la Bramwel. Kutoka katikati ya udongo, mgomba mchanga ulikuwa umechipuka. Majani yake yalikuwa yanatikisika, na upepo haukuwepo. Lorna alirudi nyuma bila kutaka.

"Humo hamna mume wangu," alisema mwanamke nyuma yake. Alikuwa Phelista, mjane. "Kwetu mtu akifa na mwili usipatikane, tunazika mgomba badala yake. Wakaniambia nilie. Nitaliliaje mgomba? Tangu siku hiyo mama mkwe hanisalimii. Ati namnyima mwanawe pumziko. Mimi namtaka mume wangu tu, afande. Hata kama ni mifupa."

Lorna alimshika mkono, akamweleza kilichopatikana Kitale. Phelista alikaa chini palepale.

"Nani aliwaambia kwamba alikufa?" Lorna aliuliza baadaye, kwa upole.

"Festus, kakake. Alisema alimwona akibebwa na maji ya mto Nzoia."

"Festus anafanya kazi gani?"

"Si ndiye msimamizi wa mafundi kwa hilo jumba!"

Jioni Festus alikuwa kituoni. Phelista alikuwa amekuja na Lorna, akakataa katakata kuondoka mlangoni.

"Ulimwona ndugu yako akizama?" Lorna alimuuliza.

"Ndiyo, afande."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Alitokaje mtoni akaingia kwenye nguzo yako?"

Festus alitazama mlangoni, aliposimama Phelista.

"Alikataa tuendelee kujenga," alisema hatimaye. "Alisema vyuma ni vyembamba na orofa zilizopangwa zimezidi, watu watafia humo. Alitaka kuwaambia wapangaji wasihamie. Na mimi, tajiri mwenye jumba aliniahidi nyumba moja tukimaliza. Watoto wangu wanalala chumba kimoja na sisi wazazi, afande. Kila nyumba nikiuliza hapa mjini, naambiwa imechukuliwa. Nilimpiga nyundo wenzetu wakiwa kwa chakula. Nikamsimamisha ndani ya mbao za nguzo, nikamfunika kwa zege."

Lorna alimkazia macho. Kitu kimoja kilikuwa kinamkera tangu Bokoli.

"Ungesema amevuka kwenda Uganda kutafuta kazi, nani angekuuliza? Ulijitia kitanzi mwenyewe. Mgomba wa nini?"

Festus alimtazama kana kwamba ametukanwa.

"Ni ndugu yangu, afande. Ningemwachaje bila kaburi?"

Phelista aliingia ndani, akasimama mbele yake.

"Shemeji, sasa nitamzika mwenyewe," alisema. "Na wewe hutarusha udongo kaburini mwake."