Kibao cha Asia

Jioni hiyo nilikuwa natoka Mkuyuni, dukani kwa Badrudin, nimebeba chumvi na chupa ya mafuta ya taa. Ilikuwa Machi 1912. Mimi, Yunusi bin Dadi, nilikuwa karani wa akida. Nilisoma shule ya Wajerumani mjini Morogoro, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu bila kukosea.

Binti yangu alinipokea njiani. Alikuwa na miaka minne.

"Baba, Asia haamki."

Asia alikuwa kuku wetu, mweupe, mwenye kishungi. Jina hilo sharti nilieleze. Watoto wawili wa kwanza wa mke wangu, Hidaya, walikufa kabla ya arobaini. Alipozaliwa huyu wa tatu, mama mkwe wangu, Bi Mosi, alimpa jina la Asia, kisha siku hiyohiyo akalihamishia kwa kifaranga. Mtoto tukamwita Jalala, kama kitu cha kutupwa. Hakuambiwa kamwe kuwa ana jina lingine.

"Akija wa kumwita Asia, ataitikiwa na huyu," Bi Mosi aliniambia. "Ila usitamke kuwa huyu ni kuku, baba. Hata siku moja. Anayewachukua asije akasikia."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa nimesoma.

Kuku alikuwa amelala katikati ya uwanja, mabawa yamekunjwa vizuri. Mchana alikula mtama. Hakuwa na jeraha, wala haukuwa ugonjwa wa kideri, maana wenzake walikuwa wazima. Lakini alinuka... udongo mbichi. Udongo wa chini sana, wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Kuna mtu aliita," Hidaya alininong'oneza. "Kule migombani. Sauti ya mwanamke. Aliita mara moja tu. Akalia huyu, akaanguka."

"Ulimwona?"

"Sikugeuka."

Bi Mosi alikuwa msibani Matombo. Hidaya alitaka tumngoje, lakini Jalala alimpakata kuku wake akalia mpaka akatapika, na hatukujua la kufanya. Mwisho nilichimba shimo kando ya migomba, nikamfunga kuku kwa kipande cha kaniki, nikamzika. Ndipo mtoto akanyamaza.

Asubuhi jirani yetu Stambuli alipita na jembe begani, akaliona tuta.

"Karani! Umezika nani bila kumwambia akida? Au umemchoka mkweo?"

Alicheka akaenda zake. Mimi sikucheka. Kila kaburi jipya lilipaswa kuandikwa, na mwandishi nilikuwa mimi. Nikachukua kibao cha sanduku, nikaandika kwa mkaa, kwa hati safi:

HAPA AMEZIKWA KUKU AITWAYE ASIA.

Nikakichomeka juu ya tuta. Hidaya, asiyejua kusoma, aliuliza kinasema nini. Nikamsomea.

Kwa sauti.

Majani ya migomba yaliyokuwa yakicheza na upepo yakatulia.

Bi Mosi alirudi jioni. Hakuja mbele yangu, maana kwetu mkwe na mkwe hawatazamani. Alisimama nyuma ya ukuta.

"Kile kibao, baba... kinasema nini?"

Nikamwambia.

"Alikuja, akachukua, akaondoka ameridhika," alinong'ona. "Yalikuwa yamekwisha. Sasa umemwambia alichochukua."

"Ni nani huyo, mama?"

"Ningemjua, ningewazika wajukuu zangu wawili?"

Nilikimbia nikaking'oa kibao, nikakitia motoni jikoni. Kikaungua chote. Lakini sikusikia harufu ya moshi. Nilisikia udongo mbichi.

Na harufu ilitoka upande wa nyumba.

Kisha sauti ikaja. Ya upole, kama ya mama anayemwita mtoto akaoge.

"Asia..."

Kuku wote uwanjani walilala kifudifudi.

"Asia..."

Ndani ya nyumba, mtoto ambaye hatukuwahi kumwita jina hilo akajibu:

"Abee."

Bi Mosi alimziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Jalala aliinuka akaelekea mlangoni, halii, hatutazami. Watu wazima watatu tulimshika, na nguvu zile hazikuwa za mtoto wa miaka minne. Giza lilipotimia, akalegea, akalala.

Hakufa. Nasema hivi kwa sababu wako wanaosimulia kuwa alikufa. Tulileta mganga kutoka Kisaki, akalala kwetu usiku mmoja, akaondoka bila kuaga.

Bi Mosi alifariki, kisha Hidaya. Tumebaki wawili. Mwanangu sasa ana miaka hamsini na mmoja. Asubuhi hunipa shikamoo kwa adabu, huenda shamba, hunipikia. Nikimwita Jalala, huitika. Nikimwita Asia, hageuki; si mimi anayemngoja kwa jina hilo. Jua likizama, husema "Abee" na kuinuka. Kila siku. Nami huweka komeo, nikauegemea mlango kwa mgongo mpaka giza litimie.

Mwaka huu nimetimiza miaka sabini na miwili. Jana alinisogeza kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayesogeza kigoda. Akafungua komeo. Giza lilitimia akiwa amebakiza hatua mbili kufika migombani.

Sasa jua limegusa mlima. Ameacha kupepeta mchele, ameinua kichwa.

Harufu imeshaanza.