Mlio wa Mkanda

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alipeleka gereji pikapu ya marehemu baba yao, mkanda wa feni ukilia. Alitaka pia injini mpya. Kaka yake alishamwapia: "Ukiigusa injini ya baba, mimi na wewe basi."

Fundi akashusha mlango wa bati kuzuia kelele za nje. Ndani kukawa giza. Akauvua mkanda, akawasha injini. Mlio uleule. Akazima. Mlio haukukoma.

"Dada, umeniletea nini hapa?" akafoka.

Akaweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni kusikiliza mlio unatoka wapi, ncha akiigusisha kila chuma cha injini. Vyuma vyote kimya.

"Fundi gani wewe? Lete!" Rafiki yangu akampokonya, akaiweka sikioni. Ncha ikateleza, ikamgusa kifuani.

Mlio ulikuwa humo, ukipanda na kushuka na pumzi zake.