Jina la Kezia kwenye Tovuti ya Ukoo

Jiwe la kaburi la Athe Yosia, yaani Babu Yosia, lilifika kisiwani Badu kwa meli ya mizigo. Mashemeji wa familia walilipokea, wakalifunika shuka, wakaliweka bandani nyuma ya nyumba. Watoto wa marehemu hawakuligusa. Kwa desturi ya Badu, kazi za msiba ni za mashemeji. Mfiwa kazi yake ni kusubiri sherehe ya kulifunua.

Lakini Etina hakuwa mtu wa kusubiri. Yeye ndiye binti mkubwa wa Athe Yosia. Asubuhi ile alikuwa jikoni anakuna nazi. Mama yake, Aka Monika, yaani Bibi Monika, alikuwa ameketi karibu na dirisha akimenya viazi vitamu kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yamechoka, hayaoni vizuri.

"Watakuja wote?" Aka Monika aliuliza.

"Si wote, mama. Walioko Townsville wengi wamenyimwa likizo."

"Basi hawatamwona baba yenu akifunuliwa."

"Watamwona. Kabai anatengeneza tovuti ya ukoo. Kutakuwa na picha za baba, nyimbo zake, na majina yetu sote. Mtu atafungua simu tu, popote alipo, atatuona."

"Hata asiyekuwa wetu?"

Etina akacheka. "Mama nawe. Nani asiyekuwa wetu atahangaika na sisi?"

Laiti angelitafakari swali lile. Hakulitafakari. Aliendelea kukuna nazi yake.

Mchana Kabai alituma ujumbe kutoka Townsville. Kabai ni mdogo wake Etina, na ameishi mjini huko miaka mingi. Etina alifuta mikono, akabonyeza kiungo alichotumiwa. Picha ya baba yake ikatokea, amevaa shati lake la kanisani. Machozi yakamlengalenga. Chini ya picha kulikuwa na mti wa ukoo. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake: Etina, Rahel, Kabai.

Chini ya jina la Etina hapakuwa na mtoto. Chini ya jina la Rahel walikuwepo wanne. Wa nne alikuwa Kezia.

Etina alilisoma jina hilo mara mbili. Alikaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

Kezia alizaliwa na Rahel, mdogo wake Etina. Alikuwa bado mchanga Rahel alipomkabidhi kwa Etina, ambaye hakujaliwa kuzaa. Ndivyo wafanyavyo watu wa visiwa hivi tangu zamani. Mtoto akishatolewa, ni wa aliyempokea, wala hakuna anayelitangaza jambo hilo. Akikomaa ataambiwa, na watakaomwambia ni wale wenye haki ya kusema. Kezia alikuwa na miaka kumi na minne, anasoma shule ya bweni huko Cairns, na simu haimtoki mkononi. Alikuwa hajaambiwa.

Etina akampigia Kabai.

"Dada, umeiona? Imependeza, eh?"

"Kezia umemweka wapi, Kabai?"

"Programu iliniuliza mama mzazi ni nani. Nikajaza ukweli. Haina nafasi ya mama mwingine."

"Na ikikuuliza siri za nyumba zote za Badu, utazijaza?"

"Dada, nani ataona? Kiungo nimekutumia wewe na Rahel tu."

"Rahel ameiona?"

"Ameiona. Hakusema kitu."

Neno hilo lilimchoma Etina kuliko yote. Mbona Rahel amenyamaza? Au alitaka ijulikane? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Etina amelea. Lakini moyoni mwake alikuwa na hofu ya miaka mingi kwamba siku moja mwenye mtoto atamtaka mtoto wake.

Hakumaliza nazi. Alivaa ndala, akaenda maktaba ya kijiji kwa Bi Luiza. Huyu Bi Luiza ndiye anayerekodi hadithi na nyimbo za wazee pale kisiwani. Ni mama mpole, ila hapambi maneno. Siri yenyewe aliijua, kama wakubwa wengi wa Badu.

Alimsikiliza Etina mpaka mwisho. Kisha akaandika jina la Kezia kwenye kompyuta, akatafuta. Mti wa ukoo ukatokea wa kwanza kabisa.

"Lakini Kabai ametutumia sisi wawili tu," Etina alisema.

"Kiungo ni njia moja tu ya kuingilia. Programu hii huanika kila kitu hadharani mpaka mwenyewe aifunge. Kabai hakuifunga. Mpigie, aifute sasa hivi."

Kabai alipigiwa, akafuta. Bi Luiza akatafuta tena. Ukurasa ulikuwa umefutika, lakini jina la Kezia chini ya jina la Rahel lilikuwa bado linaonekana kwenye majibu ya utafutaji.

"Hilo huchelewa kutoka," Bi Luiza alisema. "Nitawaandikia wahusika waliondoe. Zinaweza kupita siku kadhaa."

"Na Kezia akitafuta leo?"

"Ataona. Siwezi kukudanganya, dada."

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku zile Etina alikuwa akisikia simu inalia, anaacha kazi aliyonayo. Jumapili Kezia akapiga.

"Mama, nimemtafuta Athe kwenye mtandao."

Etina alishika ukingo wa meza. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Si mlisema mjomba Kabai anatengeneza tovuti?"

"Anaitengeneza upya, mwanangu."

"Mjomba naye. Mwambieni aache kulala."

Etina alikata simu, akaenda chumbani akalia. Kesho yake alirudi maktaba, akampigia Kabai, akaweka simu mezani ili wote watatu wasikilizane.

"Kabai," Bi Luiza alianza, "ile programu uliichagua kwa nini?"

"Ni ya bure. Na ina mapambo mazuri."

"Mapambo tazama mwisho. Mwanzo uliza nani ataona. Ukoo una watu walio hai na una watoto. Aliye hai aulizwe kwanza kama anakubali kuwekwa. Mtoto asianikwe hadharani kabisa. Kwa hiyo tafuta programu ambayo imefungwa tangu siku ya kwanza, na wewe ndiye unayewafungulia watu, mmoja mmoja, kila mtu na neno lake la siri."

"Na picha ya baba?" Etina aliuliza. "Wengine hawapendi kuiona kabla ya jiwe kufunuliwa."

"Umeuliza vizuri. Ziko programu zinazokuruhusu kuuficha ukurasa mmoja mpaka siku unayotaka."

Kabai akakohoa. "Lakini hizo za kufungwa si lazima ulipie kila mwaka? Na siku tukishindwa kulipa?"

"Ndiyo maana uliza jambo jingine kabla hujaingiza hata jina moja," Bi Luiza alisema. "Nikitaka kuhama, nitatoka na vitu vyangu? Programu nzuri inakuruhusu kuchukua majina yote katika faili linalosomeka na programu nyingine. Na picha zako na sauti zako unazipata zote. Sisi hapa maktaba tuliwahi kuhifadhi nyimbo kwa kampuni moja. Ikafunga biashara. Hatukuwa na nakala. Nyimbo za wazee wawili zimepotea, na mmoja wao sasa ni marehemu."

Bi Luiza akaendelea. Alisema kila kitu kiwe na nakala nje ya tovuti, moja nyumbani na nyingine maktaba. Alisema tovuti nzito haifai Badu, maana mtandao ukilegea haifunguki. Na alisema wasiingize ukoo mzima kwa pupa. Wajaribu kwanza kwa watu watatu tu, waone kama mgeni anaweza kuingia.

"Na akina mama wawili?" Etina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutachagua ile inayokubali mama mlezi kuwa mama, bila kumdai mwingine."

"Sawa. Basi jambo la Rahel tuliandike kwenye ukurasa wa siri. Tulipige kufuli."

"Hapana, dada." Bi Luiza alimshika mkono. "Kufuli za mtandao huvunjwa. Na watu hupeana maneno ya siri kama wanapeana chumvi. Jambo lisilotakiwa kujulikana usiliandike popote. Liache kwa wenye nalo."

Walijaribu programu mbili. Ya kwanza ilimruhusu Bi Luiza kuingia bila neno la siri, wakaiacha. Ya pili ilimkatalia. Kabai akaichagua hiyo, ingawa haikuwa na mapambo. Akawapigia simu ndugu wote, akawauliza kila mmoja kama anakubali jina lake liwemo.

Rahel peke yake hakupigiwa. Etina alisema, "Huyo niachie mimi."

Rahel alifika kwa ndege ndogo siku chache kabla ya sherehe. Jioni walikaa barazani, wanasuka makuti ya kupambia.

"Uliiona ile tovuti ya kwanza," Etina alisema. "Ukanyamaza."

Rahel aliendelea kusuka. "Niliiona. Niliikodolea macho mpaka simu ikazima. Sitakuficha, dada. Nilifurahi. Kuona jina lake chini ya langu, nilifurahi sana. Kisha nikaona aibu, nikashindwa kukupigia."

Etina aliweka kuti lake chini.

"Nilimtoa kwa mikono yangu," Rahel alisema, "na mkono siurudishi kumdai. Ila siku ya kumwambia, na mimi niwepo. Asiambiwe na simu."

"Tutakaa naye sote wawili," Etina alisema. "Na wewe ndiye utakayeanza kusema."

Siku ya sherehe mashemeji waliondoa shuka, na jina la Athe Yosia likaonekana kwenye jiwe. Saa hiyohiyo Kabai aliufungua ukurasa wa baba yake. Walioko Townsville wakamwona, wakasikia na sauti yake ikiimba. Ndugu mmoja wa huko alituma picha ya Athe Yosia akiwa kijana, picha ambayo hakuna mtu Badu aliyewahi kuiona.

Wakati wa chakula, Kezia, aliyekuwa amefika kutoka shuleni, alikaa miguuni kwa Aka Monika na simu yake.

"Nisomee," Aka alisema. "Macho yangu hayafiki huko."

Kezia akasoma. "Athe Yosia na Aka Monika. Watoto wao, Etina, Rahel na Kabai. Chini ya mama niko mimi, peke yangu. Chini ya mama mdogo Rahel wako watatu." Akawataja majina.

Wakubwa waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Rahel alikuwa amesimama pale na sahani mkononi.

"Umewasoma wote?" Aka Monika aliuliza.

"Wote, Aka."

Rahel aliiweka sahani mbele ya Kezia. "Kula, kinapoa," alisema, akaingia jikoni.

Etina akamfuata. Alimkuta ameinamia sufuria, anasugua mahali palipokwisha takata. Tangu alipompokea Kezia hakuwahi kumwambia Rahel neno moja juu ya siku ile.

"Asante," Etina alisema.

Rahel alijifuta uso kwa mkono wenye sabuni. Kisha akasogea, akampisha dada yake, wakaosha vyombo pamoja.