Kiapo cha Sehemu ya Tatu

Harufu ya ngozi mbichi ilianza kunukia sebuleni hata kabla runinga haijawashwa. Winfred aliinua zulia, akachungulia chini ya kochi na nyuma ya kabati, asione panya aliyekufa wala kiatu kilicholowa. Alifungua madirisha, lakini upepo wa kutoka vilimani uliisukuma harufu ndani zaidi. Akasema moyoni kuwa ni pua zake tu, akaenda kusonga ugali.

Jumapili hiyo mumewe, Muthoka, alikuwa ametoka kanisani mbio kama mtu aliyeacha jiko likiwaka. Haraka yote ilikuwa ya Wana wa Katumo, tamthilia ya Kikamba ya sehemu sita iliyopigwa picha kule Ndithini zamani kidogo, ikaonyeshwa mara moja tu. Tangu hapo ilizunguka Machakos nzima kwenye flashi, na mashabiki wake walikuwa kambi mbili zisizopikika chungu kimoja. Stesheni ilikuwa imezionyesha sehemu zake shaghalabaghala: utakaso ukatangulia, kiapo kikaja mwisho kabisa. Ndunda, jirani yao muuza vipuri vya pikipiki, alishikilia kuwa huo ndio mpangilio sahihi, kwa sababu ukikiona kiapo mapema hofu inaisha. Muthoka alishikilia mpangilio wa hadithi: kiapo ni sehemu ya tatu, utakaso ni ya sita. Wanaume wazima, wenye watoto shuleni, na waliwahi kununiana mwezi mzima kwa jambo hilo.

Winfred hakuipenda tamthilia ile. Shangazi yake Kamanthe, wa Kathiani, ndiye aliyeigiza mwanamke wa kuosha kiapo, na kila alipoulizwa kuhusu tamthilia hiyo alianza kuzungumzia maharagwe.

"Leo tunatazama na mpangilio yangu," Ndunda alisema akijitupa kwenye kochi. "Halafu uniambie kama hautashtuka."

Walitazama kwa mpangilio wa Ndunda, wakila na kubishana, mpaka wakafika kwenye kiapo. Mzee mmoja alikuwa amechutama porini mbele ya kithitu, kile kifurushi cha ngozi ambacho Wakamba hawakifanyii mzaha, kwa maana anayekiapia uongo hufa. Mzee alikigonga kwa kijiti. Harufu ikazidi.

Ndunda akauchukua mwiko uliokuwa sahanini penye ugali, akaugonga kwenye meza ya runinga sawasawa na mzee yule. "Kama hii mpangilio yangu si ya ukweli, kinikule."

"Leta hapa," Muthoka akasema, akicheka.

"Baba Mutheu, weka hiyo mwiko chini," Winfred akamwambia mumewe. "Hii kitu haiapiwi kwa nyumba. Hata kwa shamba haiapiwi."

"Si ni sinema tu, Mama Mutheu." Muthoka akagonga. "Kama yangu ndiyo ya uongo, kinikule mimi."

Winfred aliinuka. Watu wawili wameapia mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja, juu ya kithitu kimoja, chini ya paa lake. Akauchomoa waya wa runinga ukutani, na kioo kikawa cheusi.

Kijiti kiliendelea kugonga.

Kiligonga kabatini, kikagonga darini, kikagonga chini ya miguu yao, na Muthoka akauachilia mwiko lakini mwiko haukuanguka, ukabaki umeinuka pale hewani kana kwamba kuna mkono umeushika. Watu wa pwani wangesema ni jini. Bibi yake Winfred alikuwa akisema iimu, kisha anatema mate.

"Shahidi," sauti ikasema kutoka nyuma ya runinga, nzito, ya mtu mwenye nyama mdomoni. "Mwongo ni nani?"

Ndunda aliukimbilia mlango, na kitu kikamdaka mgongoni, kikambamiza ukutani uso kwa uso na matofali, kikamvuta, kikambamiza tena, hata pua yake ikapasuka na damu ikachirizika juu ya kalenda ya kanisa. Muthoka akaruka kumsaidia. Akanyanyuliwa kwa shingo mpaka kichwa chake kikagonga dari, miguu ikapiga hewa, na Winfred, aliyekuwa amenyakua kigoda, akatandika nacho pale ambapo palipaswa kuwa na mtu, akasikia kigoda kikigonga mifupa, akapigwa kibao kilichomwangusha chini na jino likamtoka. Akiwa pale chini aliitoa simu mfukoni, akampigia Anti Kamanthe, ikalia, ikalia, ikakatika, naye akampigia tena huku macho ya mumewe yakianza kumtoka na ulimi wake ukigeuka rangi.

"Mwongo ni nani?"

Hakujua. Ambacho alijua ni kwamba Muthoka alikuwa anakufa mbele yake, yule Muthoka aliyemuuguza wakati wa homa ya mapafu na kujifunza kumsuka binti yao Mutheu nywele.

"Ni Ndunda," akasema.

Ndunda aligeuza kile kilichosalia cha uso wake, akamtazama. "Shemeji," akanong'ona. Mwiko ukamwingia mdomoni, ukavunja meno, ukaendelea kwenda, na Winfred akaziba masikio lakini bado akasikia. Baadaye miguu ya Ndunda ikatulia. Muthoka alianguka kutoka darini akikohoa, akiwa hai, na Winfred akajichukia kwa furaha aliyoihisi.

Alitambaa akampakata mumewe kichwa. Harufu ilikuwa bado ipo.

"Na mwingine?" sauti ikauliza.

Simu ikalia mkononi mwake.

"Nilikuwa kanisa, mwanangu," Anti Kamanthe alisema. "Mbona umenipigia hivyo?"

"Anti," Winfred alinong'ona. "Ile sinema yenu. Mpangilio ya ukweli ni gani?"

Shangazi akaanza kulia. "Hakuna. Kiapo kilikuwa cha ukweli, director alitaka kitu halisi. Siku ya kuosha, mwenye mbuzi akakataa na mbuzi yake, basi badala ya damu yake tukaigiza na maji ya mfereji. Hiyo kiapo haijawahi kufungwa. Ukianza na hii, ukianza na ile, bado iko wazi. Kuna mtu ameapa?"

"Wawili."

"Wote wamedanganya. Sikia, Winfred. Kikikuuliza, sema ukweli. Shahidi akidanganya, kinaacha aliyemficha, kinamkula yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, Anti."

Muthoka alikuwa amefumbua macho. Hakuwa amesikia lolote; alikuwa akiutafuta mkono wa mkewe tu, akaupata, akaushika. Mwiko ulikuwa umetoka mdomoni mwa Ndunda ukidondoka damu, ukasimama juu yao wawili, ukingoja.

"Na mwingine?"

Winfred aliiweka simu chini. Alimfunika mumewe macho kwa kiganja.

"Hakuna mwingine," akasema.