Projekta ya Watu Wanne

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kumpokea fundi pale kwenye kona, maana nyumba yetu haina namba na mwanangu hakutaka kusimama njiani. Tangu mkewe afariki, miezi minane, mwanangu hakutaka kitu. Halafu ghafla akataka projekta mpya. Nikasema sawa. Mtu aliyekaa kama gunia miezi minane akitaka kitu, humwulizi cha nini.

Ya zamani tulikuwa nayo. Picha yake ilikuwa imepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, na feni yake ilinguruma kuwashinda waigizaji. Tuliiweka juu ya stuli mbele yetu, tukakaa nyuma yake, tukatazama hivyo hivyo. Haikutudhuru.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kipara na mkoba wa nyaya begani. Boksi alilibeba mbali na kifua, kama mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto. Niliona utepe wa gundi umebandikwa juu ya utepe mwingine. Siku zile nilinyamazia mengi.

Akaiweka projekta kwenye rafu, nyuma ya viti. Mwanangu alikaa akitazama ukuta mtupu. Mjukuu wangu, wa miaka sita, tunayemwita Chiriku kwa domo lake, alimfuata fundi kila hatua.

"Babu, hii inaona?"

"Haioni. Inaonyesha tu. Na babu ni nani hapa? Hiki ni kipara, si uzee."

"Babu yangu wa kwenye picha alikuwa nacho hicho hicho."

Fundi akacheka. Kisha akawasha mashine, na maandishi yakatokea ukutani.

"Inauliza watazamaji ni wangapi," akasema. "Ili ipange sauti kwa kila kiti."

"Wanne," nikajibu.

Sikufikiri. Miaka sita nilitenga sahani nne, nikafua mashuka ya watu wanne, nikaita wanne waje kula. Mdomo ulijisemea wenyewe. Fundi akabonyeza. Mwanangu hakugeuka. Ni Chiriku peke yake aliyenitazama. Alikunjua vidole vinne, akakunja kimoja.

Fundi akavuta kiti kutoka mezani, akakipanga mstarini, upande wa pili wa mwanangu.

"Rafu iko chini kidogo," akasema. "Vichwa vyenu vitaonekana kwenye ukingo wa picha. Nitarudi kuipandisha."

Hakurudi.

Jioni ile ile mwanangu alizima taa. Mwanga mweupe ukapiga ukuta mzima, mweupe wa kuumiza macho. Chini yake vikatokea vivuli vyetu. Changu, na fundo la kilemba. Cha Chiriku, kama chungwa lililowekwa ukingoni mwa meza. Cha mwanangu.

Na kingine.

Nikageuka kutazama kiti cha nne. Kilikuwa kitupu. Hata mto wake haukubonyea. Nikarudisha macho ukutani.

Vichwa vinne.

Sikupiga kelele. Watu husema damu iliwaganda, nywele zikawasimama. Mimi nilihisi kama shavu lenye ganzi baada ya kung'olewa jino... unajua ni lako, ila halipo.

"Amekuja," mwanangu akanong'ona.

Chiriku akanivuta mkono. "Bibi... huyo si mama."

"Umejuaje?"

"Ametulia."

Kweli. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumaliza filamu amekaa. Mara maji, mara anacheka kabla ya kichekesho, mara anatusimulia mwisho ambao hata hajauona. Nilimgombeza kwa hilo mpaka akafa. Huyu hakutikisika. Hakutazama hata mbele. Kichwa chake kilielekea upande, kwa mwanangu.

Ikawa hivyo kila siku. Mwanangu akitoka kazini haogi wala hali, anakwenda kukaa. Filamu haweki tena, anawasha mwanga mweupe mtupu. Anakinong'oneza kiti. Sebule ikaanza kunuka, harufu nyembamba, kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa. Siku ya tano kile kichwa cha pembeni kilikuwa kimesogea. Siku ya sita vichwa viwili viligusana.

Siku ya saba nilichomoa waya nikauficha chini ya godoro langu. Mwanangu hakuuliza. Alikaa gizani, uso ukutani, mpaka kukapambazuka. Asubuhi nilimkuta vile vile, macho makavu kwa kutopepesa. Nikamrudishia waya wake.

Nikamwambia, "Mwanangu, yule si mkeo."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Anakaa na mimi. Inatosha."

Nilizaa mara tatu, amebaki huyu. Sikuwa tayari kumwacha alambwe na kivuli huku naona. Nikachukua karatasi ya dhamana, nikampigia fundi.

"Fundi, mashine hii mliitoa wapi?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Ilirudishwa dukani, mama."

"Kwa hiyo mlituuzia mtumba. Aliirudisha nani?"

"Nyumba moja. Walipoichukua walikuwa watano." Akashusha sauti. "Kuirudisha alikuja mmoja."

"Hao wengine walikufa?"

"Hapana. Nilikwenda kufungua spika zao. Wapo... wamekaa."

"Wamekaa wakifanya nini?"

"Wamekaa tu, mama."

Nilimweleza kosa langu, kwamba tuko watatu nami nilisema wanne. Akapumua kwa muda mrefu.

"Usiiguse hiyo namba," akasema.

"Kwa nini?"

"Yule mmoja aliniambia kwamba aliigusa."

Kisha simu ikakatika, au aliikata. Sikumpigia tena. Mtu aliyenibandikia utepe juu ya utepe, nikachukue ushauri kwake? Nilisoma mpaka darasa la saba. Nne toa moja nilifundishwa kwa vijiti, na kijiti kinachotolewa ni kile kilichozidi. Nilidhani nimeita kwa uongo, basi nitafukuza kwa ukweli.

Jioni, kabla mwanangu hajarudi, nilimketisha Chiriku kando yangu anisomee yale maandishi ya ukutani, macho yangu hayafiki. Akanionyesha mahali. Nikashika rimoti.

Nikabonyeza tatu.

Mashine ikatoa mlio mmoja, mfupi, kama mtu aliyeitika. Harufu ikakatika papo hapo. Nikashukuru. Nikainjika chai.

Mwanangu akaingia, akakaa kwenye kiti chake, akawasha. Mwanga ukapiga ukuta. Nikahesabu kutoka kushoto.

Kilemba changu. Chungwa la Chiriku.

Halafu weupe.

Halafu kile kichwa kilichotulia.

Watatu, kama nilivyosema.

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwepo, mikono juu ya magoti. Nilipeleka kiganja changu mbele ya uso wake, na kivuli cha kiganja kikatokea ukutani, kizima, vidole vyote vitano. Yeye, hapana. Mwanga ulimpita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana sokoni.

"Mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Unajisikiaje?"

"Ndiyo, mama."

Projekta nimeirudisha kwenye boksi lake, na boksi nimelifungia kabatini. Dukani siipeleki. Anayeirudisha huwa mmoja, na sisi bado hatujafika huko. Mwanangu hakuiulizia. Anakwenda kazini, anarudi, ukimpa sahani anakula. Wenzake wanasema amepoa, huzuni imemtoka. Majirani wananipongeza. Namfulia mashati, hayana jasho.

Nilidhani mambo yaliishia kwenye ule ukuta. Jana asubuhi, jua likiwa kali, tulikuwa uani tunaanika nguo. Mwanangu alikaa kwenye kigoda, na sakafu chini yake ilikuwa kavu, nyeupe, haina alama ya kivuli. Chiriku alinipa vibanio kimoja kimoja. Kivuli chake kilikuwa miguuni pake, kifupi. Changu miguuni pangu.

Kando ya Chiriku palikuwa na kingine. Kimesimama, kimetulia, kichwa kimeelekea upande wake.

Yeye alishakiona. Hakuwa na woga. Alimtazama baba yake, akakitazama kile, akaanza kukunjua vidole.

"Bibi," akasema, "tukiiambia mashine sisi ni wawili, si kitaondoka?"

Nilidondosha shuka chini nikamziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na pale chini, kile ambacho sijawahi kukiona kikitikisika kikainua kichwa.