Kipimo cha Bibi Anzurat

Siku ile haikuwa na dalili yoyote ya ubaya. Hamdam aliswali alfajiri, akanywa chai ya kijani kwa mkate wa jana, akafagia theluji mlangoni na kufungua duka. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, na watu wa vijiji vya juu walikuwa wameshaanza kuteremka na kokwa zao za jozi na tini zao kavu. Enzi hizo za maamiri bonde letu zima lilikuwa na duka moja tu la vitambaa, na mwenyewe alikuwa Hamdam, mtu wa miaka hamsini na ushei, ndevu safi, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Mali alikuwa nayo, lakini alichokipenda kuliko mali ni sifa. Watu walisema neno la Hamdam halipimwi mara mbili. Alilisikia hilo likisemwa msikitini, akalisikia harusini, mwisho akaanza kulisema mwenyewe. Hapo ndipo mtu anapoanza kuharibika.

Sanda ilikuwa na taratibu zake, na kila mtu alizijua. Mnunuzi habishani bei. Mwuzaji hatii mkasi, anachana bafta kwa mikono. Kipimo hakichukuliwi kwa fimbo ya duka: mwosha maiti hunyoosha uzi wa pamba juu ya marehemu, toka utosini hadi kisiginoni, akaukata bila kuupiga fundo. Uzi ule huja dukani, sanda huchanwa kwa huo, kisha hurudi umeviringwa ndani ya sanda na kushuka kaburini chini ya kichwa cha mwenyewe. Kipimo cha maiti hakibaki juu ya ardhi. Wazee hawakusema kwa nini, wala hakuna aliyetaka kuwauliza.

Asubuhi ile aliyekuja na uzi ni Norjon, mwosha maiti, bibi mdogo wa umbo na mkali wa macho.

"Nani tena, Bibi?" Hamdam aliuliza.

"Anzurat, mfumaji."

"Inna lillahi. Yule mrefu?"

"Kwani tunao wangapi? Uzi wake umenichosha mkono. Chana vizuri, mwanangu. Hana mume, hana mtoto, hana hata mpwa wa kumlilia. Tusimdhulumu kitu."

Bibi Anzurat alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa bonde, na wanaume karibu wote. Kila mlango aliinama, tena kwa namna yake: bega la kushoto kwanza, kisha kichwa, kama anayechungulia ndani ya tanuri la mkate. Watoto walimwita Mnara. Yeye alicheka tu na kuwagawia zabibu kavu.

Hamdam alichana sanda vizuri, hilo hatusemi uongo. Lakini duka lilikuwa limejaa, na mkwewe alikuwa amesimama nje na punda, akilalamika kwamba theluji itafunga njia. Alikuja kuchukua mzigo wa mtoto: godoro dogo, vitambaa na mikanda ya susu, kitanda kile cha kubembea ambacho mtoto hufungwa humo asianguke. Ni babu mzaa mama anayetoa vitu hivyo, na Hamdam alikuwa amesubiri miaka tisa kuvitoa. Savri, bintiye wa pekee, alikuwa amezaa wanne na kuwazika wote wanne kabla ya siku arobaini, kabla hata susu haijatandikwa. Huyu wa tano, Niyoz, alikuwa na siku ishirini na sita.

"Baba, funga basi, twende!" mkwe alipiga kelele.

Hamdam alipapasa juu ya ubao wa kuuzia, akashika uzi wa kwanza uliokuja mkononi, akaufunga mzigo. Punda akaondoka. Sanda ikaondoka kwa njia yake.

Jua lilikuwa la utosini Norjon aliporudi. Safari hii hakukaa.

"Hamdam, uzi uko wapi?"

Vidole vya Hamdam vilikumbuka kabla ya akili. Vilikumbuka ulaini wa ile pamba na jinsi alivyouzungusha mzigo mara nne. Mkwe hakuwa hata amevuka daraja. Farasi mmoja tu, na uzi ungerudi kabla ya maiti kutoka ndani. Lakini wanawake wa vijiji vya juu walikuwa wote wanamtazama, na Hamdam akaiona sifa yake ikitembea kutoka mdomo hadi mdomo, hadi bonde la pili.

"Niliuweka ndani ya sanda, Bibi. Labda umeangukia kwenu."

"Apa."

"Wallahi."

"Haya. Nimeuliza mbele ya watu," Norjon akasema, akatoka.

Alasiri wakamzika Anzurat. Kaburi lilichimbwa kwa urefu wake na zaidi, lakini walipomshusha halikumtosha. Wakamtoa, wakachimba tena. Likawa fupi tena. Mara ya tatu wachimbaji walianza kutazamana, na imamu akawaamuru kwa sauti ya chini wamkunje magoti na kufukia. Hamdam alitupa udongo wake kama wengine.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, adhuhuri, jua liking'aa juu ya theluji hadi macho yanauma, duka likaingia giza. Hamdam aliinua kichwa. Mwanamke alikuwa mlangoni, amejifunika gubigubi. Aliingia kwa kuinama.

Bega la kushoto kwanza. Kisha kichwa.

Akaja hadi ubaoni. Alinuka udongo uliochimbwa karibuni. Hakuinua kitambaa usoni. Alinyoosha mkono mmoja, mkono mrefu, akaulaza ubaoni kiganja juu, kama mteja anayesubiri chake.

"Nipimie," akanong'ona.

Hamdam alifumba macho, akaanza kusoma Ayat al-Kursi. Akaikosea. Akaanza upya. Alipofumbua, hapakuwa na mtu. Ubaoni palibaki mstari wa udongo mbichi, mwembamba kama uzi, ukitoka mwanzo wa ubao hadi mwisho. Akaufuta. Akaswali rakaa mbili. Akaenda nyumbani bila kumweleza mkewe.

Kesho yake mstari ulikuwepo tena. Akaufuta kwa maji ya moto. Siku ya pili ulikuwepo, ila ulikuwa mfupi. Na Hamdam, kwa kuwa mkono wa mfanyabiashara haujui kukaa, aliupima kwa fimbo yake. Dhiraa tatu. Siku iliyofuata, dhiraa mbili. Akafuta. Siku iliyofuata alichelewa kufungua, akatumaini, akatazama.

Dhiraa moja na robo.

Alikuwa amechana nguo za kuwafungia watoto wachanga kwa miaka thelathini. Urefu ule hakuhitaji kuupimia fimbo. Aliacha duka wazi, akakimbilia banda la farasi.

Alifika kwa bintiye mchana. Savri alimpokea kwa furaha, uso umemnawiri kama msichana.

"Baba! Umekuja kumwona mfalme wako? Taratibu, amelala. Mtoto huyu mtulivu, sijapata kuona. Toka jana hajasumbua hata kunyonya."

Toka jana. Hamdam hakuvua hata viatu.

Susu ilikuwa kando ya moto. Juu yake, toka mhimili hadi mhimili, Savri alitundika shanga na bawa la bundi la kufukuza husuda. Vyote vilining'inia kwenye uzi mweupe wa pamba.

"Ndio ule uliofungia mzigo," Savri alisema. "Nikasema pamba nzuri hivi haitupwi. Lakini ajabu, Baba. Siku ya kwanza niliukunja mara nne ndiyo ukaenea. Sasa ni mkunjo mmoja, na umekaza."

Hamdam aliufungua, shanga zikamwagika. Hakuna aliyeukata uzi ule, ncha zake zilikuwa zilezile. Akaulaza juu ya mtoto. Ncha moja utosini. Nyingine ikagusa kisigino. Haikuzidi. Haikupungua.

Mtoto alikuwa anapumua, lakini kwa mbali. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hamdam alifungua mikanda ya susu, akakunjua ngumi moja ndogo.

Ndani ya kiganja mlikuwa na udongo mbichi.

"Baba," Savri alinong'ona. "Baba, nini? Usiniambie. Huyu naye usiniambie."

"Mkumbatie," Hamdam alisema. "Usimrudishe humo. Mkumbatie mpaka nirudi." Akalia mbele ya bintiye, jambo ambalo hakulifanya kwa wale wanne.

Giza lilikuwa halijaingia alipopiga magoti mbele ya Norjon. Bibi alikuwa anachambua pamba, na hakushangaa. Hamdam alimweleza kila kitu, bila kujipamba.

"Naenda kuuzika sasa hivi," akamaliza. "Naufukua udongo, nauweka chini ya kichwa chake."

"Huo?" Norjon aliutazama uzi bila kuugusa. "Ukiuzika huo ulivyo, unamzika nani?"

Kuni zikapasuka motoni.

"Basi nifanyeje, Bibi? Niambie, nitafanya."

"Uzi uliupoteza kwa mkono. Hilo ni kosa tu, sote tuna mikono. Kilichoufanya utafute mtu mwingine ni kiapo. Kirudishe kiapo mbele ya watu, kama ulivyokitoa mbele ya watu. Kesho Ijumaa."

"Na kisha?"

"Kisha kipimo kitashuka," Norjon alisema. "Cha nani, mimi si Mungu."

Kesho yake, baada ya swala, Hamdam alisimama. Msikiti ulikuwa umejaa hadi uani, na Norjon alikuwa ukutani na wanawake waliokuwa dukani siku ile. Aliwatazama watu aliowavisha harusini na aliowachania sanda za wazazi wao, akasema, "Niliapa uongo kwa jina la Mungu, na maiti akiwa bado hajatoka ndani kwake. Uzi wa Anzurat haukuwa kwenye sanda. Nilifungia nao mzigo, nikaona aibu kusema."

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe! Na sanda ya mama yangu ulipima kwa uzi, au kwa wallahi?"

Hakuna aliyecheka. Ile sifa ya miaka thelathini ilikwisha hapo hapo. Njia ya mwongo fupi, ndivyo walivyosema wahenga, na Hamdam aliufikia mwisho wake akiwa amesimama.

Ndipo aliposikia kitu kinatembea ndani ya ngumi aliyofumbatia uzi. Uzi ulikuwa unatoka, polepole, katikati ya vidole. Ukashuka hadi kiunoni. Ukashuka hadi magotini. Walio karibu wakarudi nyuma. Ncha ikagusa mkeka, Hamdam akaikanyaga kwa kisigino na kuvuta ncha ya juu kando ya mwili wake, akimwomba Mungu uendelee, kwani Anzurat alimzidi kichwa kizima.

Uzi ulifika utosini mwake. Ukasimama.

Alisubiri. Watu wote walisubiri. Norjon, aliyewapima wengi, aliona vizuri kuliko wote, akajifunika uso kwa mtandio. Hamdam akauviringa uzi kimyakimya, kama anavyoviringa kitambaa kilichokwisha kuuzwa. Wakaenda makaburini, wakafukua kaburi la Anzurat upande wa kichwa, naye Hamdam akauweka kwa mkono wake, uzi wa urefu wake mwenyewe, si wa Anzurat. Jioni mkwe alikuja mbio juu ya punda: saa ya swala mtoto amelia, amenyonya, na hataki kuachia ziwa.

"Alhamdulillahi," Hamdam alisema, na aliisema kwa moyo wote.

Baada ya siku ile hakuna aliyenunua kwake hata leso. Alikaa dukani peke yake kutwa nzima. Mara moja tu jirani alisikia sauti ya bafta ikichanwa, akachungulia, hakuona mteja. Siku ya arobaini ya Niyoz, wakati kule kwa Savri watu wanakula pilau na kumpongeza mama, Hamdam alikutwa ameketi nyuma ya ubao, baridi, mikono juu ya sanda iliyokunjwa tayari.

Wanaume walimwosha vizuri kama kila mtu, kisha Norjon akaitwa kupima. Lakini alipoletewa uzi, aliusukuma.

"Huyu kipimo chake kimeshatangulia," akasema. "Mwenyewe ndiye aliyechelewa."

Ile sanda ilimtosha. Kaburi lilimtosha mara ya kwanza.

Tungeishia hapa kama si Niyoz. Savri alimlea kwa hofu na mapenzi, na kijana akakua. Akakua sana. Kufikia miaka kumi na sita alimpita baba yake kwa kichwa kizima, na hakuna mtu mrefu upande wowote wa ukoo. Savri hakuruhusu fundi ampime. Nguo zake zote zilishonwa kwa kukisia, na mtu akichukua uzi karibu naye, mama alimpiga mkono.

Siku moja kijana aliteremka kijijini kufungua duka la babu yake, ambalo halikufunguliwa toka msiba. Norjon, mkongwe sasa, alikuwa anaota jua ng'ambo ya njia. Alimwona akifika mlangoni. Aliona anavyoinama.

Bega la kushoto kwanza. Kisha kichwa.

Bibi alivuka njia kwa mkongojo wake, akaomba ashikwe mkono avuke kizingiti, na Niyoz akampa wake, akicheka. Norjon aliugeuza mkono ule kwenye mwanga. Chini ya kucha zote tano palikuwa na udongo mbichi.

"Hautoki, Bibi," kijana alisema. "Mama ananisugua toka nikiwa mchanga. Kila asubuhi upo."